Mwaka wa Vyura Wawili

Tulimzika fundi Sanga kwao Iwawa, Makete, siku ya Jumanne, katika ukungu mzito kiasi kwamba sisi tuliosimama nyuma tulisikia udongo ukianguka bila kuliona kaburi. Baadaye, chini ya turubai, tukiwa tumeshika sahani za viazi na maharage, kijana mmoja wa kanisani akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, bila haraka. Alipofika kwenye miaka ya Makambako alisema marehemu alimfanyia kazi mfanyabiashara mmoja wa spea, kisha kwa hiari yake mwenyewe akaamua kurudi nyumbani kujiajiri. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakirudisha kiazi sahanini. Mtu mzima, mwenye wajukuu, niliyestaafu na kuagwa kwa zawadi na hotuba, nilijikuta naficha uso kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Fundi Sanga hakuondoka Makambako kwa hiari yake. Nilikuwepo. Niliulizwa pale msibani kama nina neno la kuongeza kwa sababu tuliwahi kufanya kazi pamoja, nikasema marehemu alikuwa mcheshi, nikakaa. Nyumbani sikuweza kulala, ndipo nikatafuta daftari niandike haya.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nauza spea katika duka la Mzee Rajabu pale Makambako. Zilikuwa enzi za ruksa. Miaka michache tu nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na sasa vitu vilivyotumika Japani vilikuwa vinashushwa bandarini na kupanda hadi kwetu milimani: redio, baiskeli, injini zikiwa zimefungwa kwa kamba, milango ya magari isiyo na magari yake. Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye malori mawili na sauti ya upole iliyowatisha watu kuliko ya wanaofoka. Nilipanga chumba nyuma ya duka lake. Kati ya kitanda changu na stoo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo nililala na harufu ya mpira na grisi, na kila neno lililosemwa upande wa pili nililisikia hata kama sikutaka. Ndivyo nilivyomsikia siku moja akimwambia mkewe, Mama Zuhura, aliyekuwa ametuletea chakula cha mchana: "Yule binti ana akili. Mimi nikimuuliza kitu, hasemi labda." Nilikula wali wangu siku hiyo nikijisikia mkubwa. Laiti angenisikia nikisema labda walau mara moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Hakuna mteja aliyekuja na namba ya spea. Walikuja na sampuli, yaani kifaa kibovu chenyewe, kimefungwa kwenye gazeti na bado kinavuja mafuta, wanakiweka kaunta na kusema, "Nipe pacha wake." Nami naingia stoo, nageuza geuza mpaka napata kinachofanana: matundu mangapi, mduara upi, uzito gani mkononi. Tulikuwa tunapatia mara nyingi. Fundi Sanga, aliyemfanyia Mzee kazi kwenye karakana ya mabati pembeni mwa duka, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa Mkinga mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usiochoka, na alinibatiza jina la Mwalimu kwa sababu ya kitabu.

Kitabu kilikuja na Chura. Hapa lazima nieleze. Meneja mmoja wa mashamba ya chai upande wa Njombe alikuwa anarudi kwao, akamwuzia Mzee Rajabu gari lake jekundu la milango miwili, jepesi, limekaa chini chini, la mbio. Jina la kampuni halina maana hapa. Sisi tulimwita Chura kwa jinsi taa zake zilivyotokeza. Mzee Rajabu, mtu mzima mwenye malori, alimpenda Chura kama kijana aliyenunua saa ya kwanza. Kisha, kabla mwaka haujafika katikati, akapata wa pili, mweupe, aliyetoka Japani kupitia Dubai akiwa amekunjika ubavu. Huyo alinunuliwa achinjwe, kama mafundi wanavyosema: atolewe viungo vimponye mwenzake. Ukiwaweka sambamba ungeapa ni mapacha. Mimi nilikuwa wa kwanza kuona kwamba sio, na hapo ndipo kiburi changu kilipoanzia.

Maana kile kitabu cha spea, kilichokutwa kwenye Chura mwekundu chini ya kiti, kilieleza yote kwa Kiingereza na michoro. Gari lilikuwa moja, lakini lilitengenezwa tofauti kulingana na nchi litakakouzwa. Chini ya boneti palikuwa na kibati chenye namba, na herufi moja mwishoni mwa namba ilisema: hili la Ulaya, hili la nchi za joto. Lisilo na herufi lilikuwa la kwao wenyewe Wajapani. Jioni baada ya kufunga duka nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya Vyura wawili, kitabu mapajani, nikitafuta tofauti. Mweupe vioo vyake vya pembeni vilikaa mbele kabisa juu ya matairi, mwekundu vilikaa mlangoni. Mweupe alihesabu mwendo kwa kilomita, mwekundu kwa maili. Redio ya mweupe haikukamata chochote ila mvumo. Rejeta ya mwekundu ilikuwa nene na feni yake ina mapanga mengi, kwa ajili ya jua la Afrika. Na mweupe alikuwa na hita, wakati kwa mwekundu mahali pa hita paliwekwa kibati kitupu. Waliomtengeneza waliambiwa anakwenda nchi ya joto, hawakuwahi kuamka Njombe mwezi wa sita. Mzee Rajabu aliendesha akiwa na blanketi magotini.

Wageni wakija dukani Mzee aliniita: "Skola, njoo uwaeleze hawa." Nilieleza. Nilinyoosha kidole hapa na pale, wazee wa malori wakasikiliza, na fundi Sanga akiwa chini ya gari fulani akapaza sauti, "Mwalimu, kwani hicho kitabu kinashika spana?" Watu walicheka, hata mimi. Lakini kilinichoma, na nikaanza kutamani siku ambayo angenihitaji.

Siku hiyo ilifika mwezi wa saba. Pedali ya breki ya Chura mwekundu ilikuwa ngumu kama jiwe, Mzee anakanyaga kwa miguu miwili. Busta imekufa, fundi akasema. Busta ni lile pipa bapa la bati linalosaidia mguu kusukuma breki. Ya mweupe ilikuwa nzima. Zikatolewa zote mbili na kuwekwa kaunta juu ya gazeti. Na hapa nitasema kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote. Wiki ileile daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya Tandala, njia ya Makete, kwa siku chache tu. Mama yangu alikuwa Mjimwema, Njombe mjini, kwa shangazi, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili hata alikuwa ananitambua kwa sauti. Mzee Rajabu alikuwa anakwenda Iwawa, njia ileile, kwenye biashara ya viazi siku ya Alhamisi, naye kwa hiari yake aliniambia, "Chura akipona, mama yako atakaa kiti cha mbele, nitamfikisha." Siku hiyo ya busta ilikuwa Jumatano. Nilitaka Chura apone.

Tulizipima kwa macho. Mduara mmoja, boliti nne nne, mpira uleule. Fundi akasema, "Pacha." Mzee akanigeukia mimi. "Kitabu kinasemaje, Skola?" Nilifungua ukurasa. Mchoro ulikuwepo, na pembeni ya namba palikuwa na kinyota kidogo. Kinyota maana yake ni nenda nyuma kabisa ya kitabu usome maelezo. Nilijua. Nilikuwa nimefanya hivyo mara hamsini kwa mambo ya kipuuzi ya vioo na redio. Lakini fundi alikuwa amesimama na spana mkononi akitabasamu lile tabasamu lake, saa zilikuwa zinakwenda, na kurasa za nyuma zilikuwa zimegandana kwa grisi. Nikasema, "Kitabu kinasema ni sawa, Mzee." Kitabu hakikusema hivyo.

Busta ikafungwa. Fundi akamzungusha Chura kuzunguka stendi, akarudi anacheka. "Breki kali hizi! Unagusa tu na kidole cha mguu." Mama Zuhura alitupikia chai ya tangawizi, tukanywa tumeegemea boneti, na Mzee akamsifu fundi na kunisifu mimi. Ilikuwa chai tamu kuliko zote nilizokunywa mwaka ule.

Alhamisi saa moja asubuhi Mzee Rajabu aliondoka kuelekea Njombe. Mimi nilifagia, nikafuta kaunta, na kisha, kwa sababu usiku sikulala vizuri na kile kinyota kilikuwa kinanikodolea macho, nikazibandua zile kurasa za nyuma kwa wembe. Nilisoma mara tatu, mara ya tatu na kamusi. Maelezo yalisema kwamba ndani ya busta kuna kijiti cha chuma kinachosukuma breki, na kile cha magari yasiyo na herufi, kama Chura mweupe, ni kirefu zaidi. Zaidi kwa milimita chache, unene wa njiti mbili za kiberiti hivi. Kisifungwe kwenye gari la nchi za joto, kwa sababu breki hazitaachia sawasawa. Zitakwaruza kidogo kidogo, zitapata moto, zikipata moto zitazidi kubana, mafuta yake yatachemka, na hapo dereva akikanyaga atakuta pedali inazama hadi chini. Nikakaa sakafuni nilipokuwa nimefagia.

Hiyo hofu naikumbuka mwilini. Ulimi ulikauka kama nimelamba unga. Barabara ya Njombe kwenda Makete wakati huo ilikuwa udongo mtupu, na kila aliyepita huko anajua ile miteremko: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine vilele vya miti iliyoota chini kule. Na mama yangu, asiyeona, kwenye kiti cha mbele.

Nilimkuta fundi Sanga anachovya andazi kwenye chai. Alianza, "Mwalimu, leo kitabu—" kisha akaniona uso. Nikamsomea kwa Kiswahili, sauti inakatika. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akaweka kikombe chini taratibu. "Jana nilisema zimekuwa kali," akasema. "Ndiyo hiyo. Zilikuwa zimeshaanza kushika." Hakunitania, na hilo lilinitisha kuliko kitu kingine chochote. Akachukua spana mbili, kopo la mafuta ya breki na kiganja cha washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, akavitia mfukoni. Tukakimbia posta kupiga simu Njombe. Yule dada wa simu akazungusha, akasikiliza, akazungusha. "Njombe haishiki," akasema. "Labda mchana." Tukadandia lori la mbao.

Nilisali rozari njia nzima na sikumaliza hata fungu moja, nilikuwa naruka maneno narudia. Fundi alikaa karibu yangu akichezea washa kiganjani, akiniambia, au akijiambia, atakachofanya: atalegeza nati, ataisogeza mbele kidogo masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, ataweka washa kati yake na busta, kijiti kitapata nafasi ya kupumua. "Ni kazi ya dakika kumi," alirudia. "Tukimkuta, ni dakika kumi tu."

Mjimwema hatukuwakuta. Shangazi alikuwa anaanika mahindi uani. "Mbona wameondoka sasa hivi? Mzee alikunywa kwanza chai kwa watu wake sokoni, ndiyo akaja. Mama yako ameingia kama bibi harusi, we! Ametuaga mtaa mzima." Kisha akakunja pua. "Ila lile gari linanuka. Kama nywele zinaungua." Fundi alishageuka, anakimbilia barabarani.

Pikapu iliyobeba mbolea kwenda Makete ilituchukua, tukakaa juu ya mifuko. Kila kona nilikuwa nachungulia chini bondeni kutafuta kitu chekundu. Mara moja nilikiona. Kiko chini kabisa, kati ya miti, chekundu kama damu, nikapiga yowe hadi dereva akafunga breki. Lilikuwa blanketi la mtu limeanikwa kichakani. Nilimtapikia fundi Sanga kwenye viatu. Akasema, "Hamna shida, mdogo wangu," akavifuta kwa nyasi. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuniita mdogo wake.

Tukawakuta mahali ambapo barabara inakwenda tambarare kidogo, kisha inazama. Chura alikuwa amesimama katikati ya njia, moshi mweupe unatoka magurudumu ya mbele. Breki zilikuwa zimebana hadi gari likakataa kusogea, hatua kama hamsini kabla ya mteremko. Hatua hamsini tu. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi, kitambaa cheupe kichwani, amegeuzia uso kwenye jua. Mzee Rajabu alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Niliruka kabla pikapu haijasimama. "Breki!" nikapiga kelele. "Mzee, breki! Msiingie!"

"Breki zimefanya nini?" Mzee akauliza kwa ile sauti yake ya upole. "Na wewe umejuaje?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa baridi ikiingia. Fundi Sanga akapita mbele yangu, anafungua boneti. "Ni mimi, Mzee. Ile busta ina kijiti kirefu. Nilipima vibaya."

Sijui kwa nini alisema vile. Nimejipa majibu mengi miaka hii yote. Labda kwa kuwa yeye ndiye aliyesema pacha wa kwanza, labda kwa kuwa mikono iliyofunga zile nati ilikuwa yake. Labda alidhani ananipa nafasi tu ya kuvuta pumzi, kisha nami nitasema langu. Alilegeza nati, magurudumu yakaachia kwa mlio mdogo, na Chura akasogea mwenyewe kiasi cha unyayo. Aliweka washa, akakaza, akasubiri vyuma vipoe huku akivigusa kila mara, akamwaga mafuta mapya na kunikanyagisha pedali mpaka akaridhika. Kisha akamsukuma Chura kwa mkono mmoja huku na huku, kuonyesha jinsi yalivyo mepesi magurudumu. Mimi nilikanyaga nilipoambiwa kanyaga na kuachia nilipoambiwa achia.

Mzee Rajabu alimwacha amalize. Alijua kusubiri. "Nimempakia mama wa watu," akasema. "Mgonjwa. Ningemrudishaje kwa mwanawe?" Fundi akafunga boneti. "Vyombo vyako viko pale dukani. Vichukue. Nikirudi nisikukute." Fundi Sanga akafuta spana zake, moja, kisha ya pili. Akaniangalia mara moja, bila hasira. Alikuwa ananingoja, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikatazama viatu vyake, vilivyokuwa bado na nyasi.

"Skola, ingia nyuma," Mzee akasema. "Umsindikize mama yako."

Kiti cha nyuma cha Chura kilikuwa cha mfano tu. Nilijikunja magoti yakagusa kidevu. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona fundi amesimama barabarani peke yake, kopo la mafuta mkononi, mpaka kona ikamfuta. Kisha barabara ikazama na nikamsahau kabisa, kwa sababu sasa niliogopa zile washa, niliogopa kila jiwe, nilinusa hewa kama mbwa. Mzee alishuka na gia ndogo, mikono miwili imeng'ang'ania usukani, jasho linamtoka chini ya kofia katika baridi ile. Mkono wa mama ukarudi nyuma katikati ya viti, ukanipapasa, ukakuta goti langu.

"Ni wewe," akasema kwa Kibena, kwa sauti ya chini.

"Mimi nini, mama?"

"Umekuja pale, umesema breki kabla hujaniamkia. Tangu nikuzae hujawahi kufika nilipo bila kuniamkia." Akalibinya goti langu. "Yule fundi amesema ni yeye, lakini yeye ameniamkia vizuri tu, kama asiye na kosa."

Nikaanza kulia. Mzee Rajabu akauliza bila kugeuka kuna nini huko, mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba binti anaogopa mlima. Kisha akanigeukia na Kibena chake. "Nyamaza kwanza. Mwenye gari anashuka. Usimchanganye."

Nikanyamaza. Tulishuka, kona baada ya kona, na pedali ikakaa juu, na harufu haikurudi. Chini kabisa kulikuwa na daraja la mbao na kijito. Mzee alisimamisha gari, akavua kofia, akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Mama akagonga goti langu mara mbili kwa kidole.

"Haya," akasema. "Sasa mwambie."

Nilimtazama Mzee Rajabu shingoni, mahali jasho lilipokuwa linakauka. Nilifikiria kazi yangu, chumba changu, na sauti yake akisema nisikukute.

"Tufike kwanza, mama," nikasema.

Mama aliuondoa mkono wake gotini kwangu. Tulifika Tandala kabla ya saa tisa, na sikumwambia Mzee Rajabu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.